SOMO: Gia ya Peugeot 405 inayoyumba, toa vikombe vya plastiki weka rodi endi

Wakuu habari zenu. Mwenye 405 yenye klachi atanielewa, fimbo ya gia inayumba kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, unatafuta ya tatu unaikuta ya tano, unaambiwa giaboksi imekufa kumbe nzima kabisa. Kinachokufa ni vile vikombe vya plastiki kwenye virodi vya kwenda giaboksi, vimeshika gololi ya chuma ya milimita 10, na pale chini kuna joto, oili na vumbi, plastiki inalika mpaka gololi inacheza. Mimi nilibadilisha vikombe mara mbili nikachoka nikatengeneza virodi vyangu vya chuma vyenye rodi endi (lile jicho lenye gololi ndani) kila upande.

Anza na maunti, zile raba za kubebea injini. Zikiwa zimekufa injini inahama na gia inahama nayo, hapo rodi endi hazitakusaidia kitu.

Mahitaji: rodi endi za M8, yaani uzi wa milimita 8 (maduka ya beringi wanazo, chukua zenye teflon), chuma cha duara cha milimita 12, tepu ya kukatia uzi ya M8 pichi 1.25, drili ya 6.8, vernia ya kupimia, bolti za M8 za ugumu wa 8.8 na nati za kukaza.

1. Weka nyutro, piga alama kila kitu, penyeza bisibisi pana chini ya kikombe kirodi kitoke. Kupima kirodi usikisie katikati ya tundu la kikombe kwa macho, pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu moja mpaka ukingo wa kushoto wa tundu la pili, matundu yakiwa sawa hiyo ndiyo kati kwa kati.

2. Kata chuma kwa kipimo hicho ukipunguza urefu wa macho mawili na nati zake. Matundu ya 6.8 ya kila ncha peleka kwenye mashine ya kukereza, usitoboe kwa drili ya mkono maana ikienda upande kidogo tu jicho linakaa kombo na kazi yote imeharibika. Kisha kata uzi kwa tepu, uzi wa jicho uingie milimita 12 au zaidi kila upande.

3. Fungua liva ya giaboksi (alama kwanza!), ibane kwenye jiriwa, saga kichwa cha nyuma cha gololi, igonge itoke, panua tundu taratibu mpaka 8.

4. Funga jicho kwa bolti na uweke washa pana, pana kuliko tundu la jicho. Msiruke hii wakuu, siku gololi ikichomoka kwenye jicho washa ndiyo itazuia kirodi kisianguke ukiwa barabarani.

5. Kurekebisha, toa bolti ya upande mmoja zungusha jicho nusu mzunguko, urefu unabadilika milimita 0.625. Jaribu gia zote injini imezimwa, halafu kaza nati.

MASWALI

Mkuu haileti kelele ndani?
Inaleta kiasi, plastiki ilikuwa inameza mtetemo. Kama ni gari ya familia ile rodi kubwa iachie bushi yake, badilisha virodi vidogo tu.

Kaka mi sina hela ya mashine ya kukereza, nikichomelea bolti kwenye kirodi cha zamani?
Hapana ndugu yangu. Moto unakipinda na bolti ya 8.8 inapoteza ugumu wake palepale ulipochomelea, itakatika siku usiyotegemea.

Nipake grisi?
Za teflon hapana, grisi inakusanya vumbi na vumbi linasaga kama msasa. Vika kiraba cha kufunika, osha ukipita matope.

Nimefunga, zote zinaingia ila rivasi inagoma.
Kama giaboksi yako ni BE3 (aina mojawapo ya giaboksi za Peugeot) rivasi iko chini ya tano, yaani mwisho kabisa wa kulia. Kirodi kinachopeleka fimbo kushoto na kulia hakijafika urefu wake, rudi hatua ya 5, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, na kila ukisogeza jaribu na ya kwanza maana ukizidisha upande huu unaipoteza ile.