Somo: Kutoka na gambusi lako mtaani Lamu

Salaam aleikum wapenzi wa muziki wa kwetu. Somo hili ni la yule anayepiga gambusi (kile kinanda cha nyuzi), udi au zumari nyumbani na sasa anataka kutoka nje asikiwe. Lamu, msikilizaji wako wa kwanza ni jirani. Mgeni atapita na mashua yake. Mwenye baraza ndiye atakayesema kama kesho urudi.

Hatua ya kwanza ni nyimbo. Nne au tano zinatosha, mradi uziweze hata mtoto akikuvuta shati. Ziwe na kiitikio ambacho watu wanakijua, maana mtu akishaitikia haondoki.

Pili, omba ruhusa. Waone wazee wanaokaa pale unapotaka kupigia, uwasalimu, uwaeleze nia yako. Kisha pita ofisi ya kaunti uulize kama mahali hapo panahitaji kibali.

Tatu, mahali na wakati, na hapa ndipo wengi huharibu. Vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba na kuta zake ni za mawe. Sauti hugonga na kurudi, na punda mwenye mzigo akija itabidi usimame. Mimi napendelea Mkunguni, mbele ya ngome, kwenye kivuli cha mikungu, ingawa wacheza bao wana haki yao ya utulivu: kaa mbali nao kidogo. Anza watu wakishatoka kuswali alasiri, umalize mapema kabla ya magharibi. Misikiti iko kila upande. Ukisikia adhana, nyamaza hata kama umefika katikati ya beti. Mwezi wa Ramadhani chombo kipumzike.

Nne, chombo chenyewe. Gambusi la asili, lile la kuchongwa kwa gogo moja, huwambwa ngozi usoni, na unyevu wa bahari huilegeza. Ngozi ikilegea, kile kijiti kinachobeba nyuzi huzama, nyuzi hushuka hadi kugusa shingo, na sauti inakuwa ya kukwaruza. Lianike juani kidogo tu huku ukiligusagusa ngozi kwa kidole. Likianza kulia kavu, litoe. Ukilisahau, ngozi itapasuka. Nyuzi zikaze baada ya hapo, si kabla. Matari, zile ngoma za mkononi, nayo huota jua au moto vivyo hivyo.

Tano, tuzo. Kwetu mtu hutunza kwa kusogea na kukutia noti mkononi au kifuani, kwa hiyo usimkimbilie na kofia. Weka kikapu mbele, na kibao chenye nambari yako ya M-Pesa.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo maalim. Natumia spika ndogo ya betri, kuna ubaya?
Marahaba. Anza bila spika. Ukiona watu wanasogea ili wasikie, umefaulu. Spika ndiyo huleta malalamiko ya kwanza.

Mimi ni mwanamke, napiga udi. Nitoke?
Toka, dada yangu. Wanawake wa pwani wamecheza lelemama na kuimba taarab tangu zamani. Ila usianze peke yako: nenda na wenzako wawili, mmoja apige tari, na nyumbani wajue mko wapi. Maneno yatasemwa wiki za mwanzo, nawe utayasikia. Piga vizuri.

Naweza kupiga nyimbo za marehemu Zein l'Abdin, yule mpiga udi na mwimbaji wa taarab?
Yeye ni mzaliwa wa Lamu na wazee wanazijua nyimbo zake noti kwa noti, basi usizipige kwa kubahatisha. Mtaje kabla ya kuanza.

Watalii wananirekodi bila kuniuliza.
Ukiwa hutaki, mwambie kwa upole kabla hujapiga wimbo unaofuata. Ukiwa unataka, mwambie jina lako na mji wako, ayaandike chini ya video hiyo.

Kusi likivuma je?
Hamia upande wa ndani wa ngome, upepo uwe mgongoni mwako.