Jinsi ya kula vyakula vya barabarani Vietnam na China: nusu ya kazi ni ya mlaji

Mgeni akila phở akaona ni supu ya tambi tu, aghalabu mpishi hana kosa. Vyakula vingi vya vibandani Vietnam na China humaliziwa mezani na mlaji mwenyewe, na asiyejua sehemu yake anaishia kula chakula nusu.

Kibanda kwanza. Tafuta kinachopika kitu kimoja au viwili, wenyeji wanapishana, chungu kinachemka mbele yako. Angalia na saa: Hanoi phở ni ya asubuhi, bún chả ni ya mchana. Bún chả ni tambi za mchele na nyama ya nguruwe ya kuchoma, ieleweke mapema. Usiyemla, tafuta maneno lợn (kaskazini) au heo (kusini) kwenye ubao uyakwepe. Chay maana yake hakuna nyama.

Phở bò ni ya ng'ombe, phở gà ni ya kuku. Onja supu kabla hujaongeza chochote, kwa sababu imeshachemka saa nyingi na mifupa, mdalasini, tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa. Ndipo ukamulie ndimu, utie pilipili. Saigon wataleta sahani ya majani na choroko zilizochipua: yachane kwa mkono, zamisha kidogo kidogo, maana ukitia yote kwa mkupuo supu inapoa. Ule mchuzi mweusi mtamu ulio mezani weka kwenye kisahani uchovyee nyama. Ukiumimina bakulini, utakula sukari.

Bánh xèo ndiyo inayowashinda wengi. Ni kama chapati nyembamba ya unga wa mchele, tui na manjano, ndani kuna choroko zilizochipua, kamba na mara nyingi nguruwe. Haikatwi kwa kisu na uma. Tandaza jani la saladi kiganjani, mega kipande cha upana wa vidole viwili, weka juu yake, ongeza mnanaa na majani mengine, viringisha kwa kubana, chovya, kula. Kipande kikiwa kikubwa, jani linapasuka na mchuzi unakutiririkia hadi kiwikoni. Usiiache ikae: zile choroko hutoa maji, na baada ya dakika chache ukavu wote umekwisha.

Mchuzi wa kuchovya, nước chấm, unaweza kuutengeneza hata nyumbani. Sukari kijiko 1 iyeyushe kwenye maji ya vuguvugu vijiko 4 au 5, kisha mchuzi wa samaki kijiko 1 na ndimu kijiko 1. Kitunguu saumu na pilipili vilivyokatwakatwa vinaingia mwisho. Ukianza na maji baridi, sukari hubaki chini na mchuzi unakuwa mkali juu, mtamu chini.

Kwa upande wa China, Mswahili ambaye wengi wanamfahamu huko ni mfanyabiashara wa mji wa Guangzhou, ambako eneo la Xiaobei limezoea Waafrika. Popote nchini, alama ya kutafuta ni 清真, yaani halali, mara nyingi kwenye kibao cha kijani. Ndiko ziliko tambi za kuvutwa kwa mkono za Lanzhou. Utaulizwa unene: maoxi ni nyembamba kama uzi, jiuye ni bapa. Maoxi hulainika upesi sana, kwa hiyo anayekula polepole achukue jiuye. Kama hutaki pilipili, sema "bu la". Kotimiri, "bu yao xiangcai". Chupa nyeusi mezani kwa kawaida ni siki, si mchuzi wa soya. Anza na matone.

Ukifika Xi'an, nenda mtaa wa Waislamu ukale yangrou paomo, mkate mgumu ndani ya supu ya kondoo. Bakuli na mkate huletwa vikavu, na kazi ya kumega ni yako. Mega vipande vidogo kama punje ya soya, kwa vidole, si kwa kisu: kingo zilizochanika hunyonya supu, zilizokatwa laini hazinyonyi vizuri. Vikiwa vikubwa, kiini kinabaki kigumu. Ukivisagasaga, unarudishiwa uji. Inachukua muda, na wenyeji hupiga soga huku wakimega. Bakuli linarudi jikoni (kama umepewa namba, itunze, vinginevyo utakula kazi ya mwingine) na likishapikwa, usikoroge. Kula kuanzia pembeni, na kitunguu saumu kitamu cha achari kando.

Xiaolongbao, zile pakiti ndogo za unga zilizopikwa kwa mvuke zenye nyama na supu ndani, kwa kawaida ni za nguruwe, ila Xi'an zipo za ng'ombe na kondoo. Iinue kwa upole uiweke kwenye kijiko, toboa kwa jino, subiri mvuke utoke, fyonza, ndipo ule. Anayeitia nzima mdomoni anaungua ulimi na siku yake ya kuonja imekwisha.

Malipo: China wauzaji wengi wanategemea simu, kwa hiyo unganisha kadi yako ya benki na Alipay, programu ya kulipia kwa simu, kabla ya safari. Vietnam beba noti ndogo, na mwanga ukiwa hafifu hesabu sifuri, kwa sababu noti ya dong 20,000 na ya 500,000 zote ni za bluu.