Ukumbi wa kongamano la mtaa: nenda na tepu
Natumia kiti cha magurudumu, na nimeshabebwa juujuu kama gunia mbele ya wageni waalikwa. Mwenye ukumbi alikuwa ameapa kwenye simu kwamba hakuna ngazi. Zilikuwa tatu. Siku hizi tukiandaa kongamano siulizi. Naenda na tepu ya fundi.

Mlango ukiwa chini ya sentimita 80, tafuta ukumbi mwingine. Ngazi nazo zina hesabu yake: kila sentimita 1 ya kimo inataka 12 za mteremko, kwa hiyo kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji ubao wa sentimita 180. Ubao mfupi ni mtego, kiti kinarudi kinyumenyume. Chooni toa ndoo na mafagio (lazima yamo), kisha hakikisha kiti kinageuka mlango ukiwa umefungwa.

Wakalimani wa lugha ya alama wawe wawili, wapokezane kila dakika 20 hivi. Dirisha lisiwe nyuma yao, viziwi wataona kivuli tu. Wasioona watumiwe ratiba mapema kwa maandishi, si picha ya karatasi, ili simu iwasomee.

Nafasi ya kiti changu iache katikati ya safu. Mimi pia nimekuja na shoga yangu, tuna ya kunong'onezana.