Ungekuwa wewe ndiye Nagumo: jinsi ya kuendesha zoezi la Midway

Zoezi hili nalifanya na wanafunzi wangu wa historia. Linahitaji vikaratasi, kalamu na mtu mkali wa kushika saa. Sharti ni moja: anayejua viliishaje vita vya Midway, ambavyo Japani na Marekani walipigania kisiwa hicho cha bahari ya Pasifiki, afunge mdomo.

Kila karatasi iwe na saa, na habari zile tu alizokuwa nazo Admirali Chuichi Nagumo wa Japani asubuhi ya tarehe 4 Juni 1942. Anza na saa 1:15, kwa saa za Midway. Ndege 108 zilizotumwa alfajiri zimekwisha kupiga kisiwa, na kiongozi wao anasema pigo la pili linahitajika. Ndege za akiba za Akagi na Kaga, meli zake mbili za kubeba ndege, zimefungwa topido za kuzamishia meli. Zibadilishwe zibebe mabomu ya nchi kavu? Waandike jibu kabla hujafunua karatasi ya pili.

Saa 1:28 ndege ya upelelezi, iliyochelewa kuruka kwa nusu saa, inaripoti meli kama kumi za adui. Za aina gani? Haisemi. Watakubana kwa maswali. Wewe jibu "sijui", maana naye hakujua. Saa 2:20 ndipo inaongeza: huenda mojawapo inabeba ndege.

Hapa, kwenye saa 2:30, tulia nao. Ndege zilizopiga Midway zinarudi, mafuta yanakwisha, zinataka sitaha zitue. Nyingi za zile ambazo zingesindikiza mashambulizi ziko angani zikilinda meli. Na asubuhi hiyohiyo kila mtu ameona ndege za Marekani zilizokuja bila kusindikizwa zikitunguliwa. Admirali Yamaguchi, aliye kwenye Hiryu, meli nyingine ya kubeba ndege, anashauri: shambulia sasa hivi, na kilichopo. Waandike mambo matatu: nina hakika na nini, nakisia nini, na kusubiri kutanigharimu nini. La tatu wengi huliruka, eti kusubiri si uamuzi.

Nagumo alipokea kwanza ndege zake. Yapata saa 4:20 Wamarekani walishuka kutoka juu, na ndani ya dakika chache meli zake tatu za kubeba ndege, Akagi, Kaga na Soryu, zikawa zinawaka moto.

Wasimcheke. Mimi simlaumu sana kwa saa 2:30, kwani kila njia ilikuwa na miiba yake. Namlaumu kwa alfajiri, alipotuma ndege saba tu kupeleleza bahari yote ile. Ndiyo maana karatasi ya mwisho huwa ni ya saa 10:30 alfajiri: wape ndege zote, waamue ngapi zitafute na ngapi zipige.