Kuacha Sigara kwa Mpango, na Nafasi ya Sigara ya Kielektroniki

Mvutaji anayetaka kuacha sigara huambiwa mara kwa mara kwamba atie nia, basi. Ushauri huo umewavunja moyo wengi, kwa sababu aliyeshindwa hubaki akijiona hana msimamo, ilhali kinachomrudisha kwenye sigara ni nikotini, ambayo hufika kwenye ubongo sekunde chache tu baada ya moshi kuvutwa na ambayo ubongo, ukishaizoea, huidai tangu alfajiri. Nia lazima iwepo, lakini ipewe vitendea kazi, na kazi yenyewe ianze siku kadhaa kabla ya sigara ya mwisho.

Anza kwa kujua unavuta kiasi gani. Kwa muda wa wiki moja, andika kila sigara unayowasha: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa wapi na ulikuwa unafanya nini. Hesabu hiyo inawafaa hasa waliozoea kununua sigara moja moja kibandani, maana mtu wa namna hiyo hana pakiti ya kumwonyesha zimebaki ngapi, na ni rahisi ajidanganye kwamba anavuta chache. (Nchini Kenya, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inataka sigara ziuzwe katika pakiti isiyopungua sigara 10, lakini kila apitaye mtaani anaona jinsi zinavyouzwa.) Katika orodha yako, angalia zaidi sigara ya kwanza ya siku. Ukiiwasha kabla nusu saa haijapita tangu uamke, utegemezi wako ni mkubwa na utahitaji dawa yenye nguvu zaidi.

Kisha chagua tarehe iliyo ndani ya wiki mbili zijazo, uwaambie watu wa nyumbani na wenzako wa kijiweni, na usiku wa kuamkia siku hiyo uondoe nyumbani sigara, viberiti na vyombo vya majivu. Kwa Waislamu, Ramadhani ni nafasi nzuri, kwa kuwa mwili hukaa bila nikotini mchana kutwa. Hatari ipo baada ya futari, na saa hiyo ndiyo inayopaswa kupangiwa shughuli mapema.

Msaada wa kwanza kuufikiria ni dawa zilizopimwa. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za kufidia nikotini (kama plasta na chingamu, zinazoupa mwili nikotini bila moshi) katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwongozo wake wa matibabu wa Julai 2024 unazitaja pamoja na vidonge vya vareniklini, bupropioni na sitisini, ambavyo hupunguza hamu ya kuvuta na huhitaji ushauri wa daktari. Plasta ya nikotini hubandikwa asubuhi kwenye ngozi safi, kavu na isiyo na nywele, na kila siku huhamishiwa sehemu nyingine. Aliyekuwa akivuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na miligramu 21 kwa wiki 6, akashuka hadi 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2, na aliyevuta 10 au pungufu huanzia 14. Ikikunyima usingizi, ibandue kabla ya kulala.

Chingamu ya nikotini ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi, kwa sababu watu huitafuna kama chingamu ya kawaida, nikotini ikamezwa, tumbo likachafuka na dawa ikalaumiwa. Itafune polepole hadi uhisi muwasho kama wa pilipili, kisha ibane kati ya shavu na ufizi mpaka muwasho utulie, ndipo utafune tena kidogo, na uendelee hivyo kwa takribani nusu saa. Usinywe kahawa, soda wala juisi ndani ya dakika 15 kabla ya kuitumia, kwani asidi iliyomo huzuia nikotini kupenya mdomoni. Wa miligramu 4 ni yule anayevuta ndani ya nusu saa tangu aamke, na wengine huwatosha miligramu 2. Plasta na chingamu vinaweza kutumiwa pamoja: plasta ishikilie siku nzima, chingamu izime hamu ya ghafla.

Siku tatu za mwanzo huwa nzito kuliko zote. Utakuwa na hasira za karibu, njaa, usingizi wa mang'amung'amu na pengine choo kigumu, lakini mambo hayo hupungua ndani ya wiki tatu au nne. Kila wimbi la hamu hudumu dakika chache tu, kwa hiyo kinachohitajika ni kuzivuka dakika hizo: kunywa maji, kupiga mswaki, kutoka nje na kutembea, au kumpigia simu mtu anayejua kwamba umeacha. Jambo moja ambalo wanywaji wa kahawa hawaambiwi ni kwamba moshi wa sigara huufanya mwili uondoe haraka kafeini, kichangamshi kilichomo kwenye kahawa. Ukiacha kuvuta huku unakunywa vikombe vilevile, kafeini hubaki nyingi mwilini, ukatetemeka na kukosa usingizi, ukadhani ni nikotini inayokutesa. Punguza vikombe kwa nusu.

Sasa tuje kwenye sigara ya kielektroniki, ambayo vijana huiita vepu. Betri hupasha moto koili ndogo iliyozungushiwa pamba yenye kimiminika cha nikotini na ladha, na kimiminika hicho hugeuka mvuke. Hakuna tumbaku inayoungua, kwa hiyo lami haipo na kaboni monoksidi karibu haipo kabisa, na hivyo ndivyo viuaji vikubwa katika moshi wa sigara. Kwa mvutaji, basi, madhara ni madogo kuliko ya sigara. Kwa asiyevuta, ni kujitafutia utegemezi ambao hakuwa nao, na kijana asipewe vepu hata kwa kujaribu.

Je, inasaidia kuacha? Katika utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019, uliohusisha wavutaji karibu 900, asilimia 18 ya waliopewa sigara za kielektroniki walikuwa hawavuti tena baada ya mwaka mmoja, dhidi ya asilimia 9.9 ya waliopewa plasta, chingamu na dawa za aina hiyo. Wote walipata ushauri nasaha wa kila wiki mwanzoni, jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Isitoshe, asilimia 80 ya waliofaulu kwa sigara za kielektroniki walikuwa bado wanazitumia. Uingereza inazikubali kama njia ya kuacha, lakini Shirika la Afya Duniani linaonya dhidi ya kuzieneza, na Uganda imepiga marufuku biashara yake kwa sheria ya mwaka 2015. Kwa maoni yangu, zifikiriwe pale tu ambapo sheria inaruhusu na dawa nyingine zimeshindikana.

Ukiichagua sigara ya kielektroniki, hama moja kwa moja, uache kabisa sigara ya kawaida. Anayetumia mvuke ofisini na sigara jioni hajapata nafuu ya maana, kwa sababu hata sigara moja kwa siku huubebesha moyo karibu nusu ya hatari ya ziada inayobebwa na mvutaji wa sigara 20. Vuta polepole kwa sekunde tatu au nne, tofauti na pumzi fupi za sigara. Kipimo cha juu cha nikotini kinachoruhusiwa Uingereza ni miligramu 20 kwa mililita, na chupa isiyoonyesha kipimo usiinunue. Usitie mafuta ya aina yoyote wala vimiminika vya bangi: mwaka 2019 hadi mwanzoni mwa 2020 nchini Marekani zaidi ya watu 2,800 walilazwa au kufariki kwa madhara ya mapafu, na wengi wao walikuwa wamevuta vimiminika vya bangi, ambavyo vilikutwa vimechanganywa na mafuta ya vitamini E. Chupa ifungiwe mbali na watoto, kwa kuwa nikotini inayonywewa ni sumu. Mama mjamzito aanze kliniki, si dukani.

Ukishakaa miezi kadhaa bila sigara, shuka kipimo cha nikotini kwenye kimiminika: kutoka miligramu 20 kwa mililita hadi 12, kisha 6, kisha 3, kisha bila nikotini, ukikaa wiki kadhaa katika kila hatua. Ukijikuta unavuta mvuke mara nyingi zaidi kufidia, rudi hatua moja, kwani hatari ya kurudi kwenye sigara ni kubwa kuliko hasara ya kuchelewa.

Ukiteleza ukavuta moja, usingoje Jumatatu. Baki na plasta yako, tazama katika orodha ni mahali gani au saa gani ilikuponyoka, na siku inayofuata usiende hapo.

Mwisho, anayetumia dawa za akili kama klozapini au olanzapini, dawa ya pumu iitwayo theofilini, au wafarini inayozuia damu kuganda, amwambie daktari kabla ya tarehe yake, maana dozi inaweza kuhitaji kupunguzwa moshi ukiisha mwilini. Kikohozi kikizidi kidogo katika siku za mwanzo usishtuke, lakini kikifika wiki mbili, au ukiona damu kwenye makohozi, nenda kituo cha afya ukapimwe kifua kikuu.