Programu ya afisi kwenye kompyuta ya nyumbani: pima kwanza, kisha ndiyo ubadilishe

Wengi wanaoniletea kompyuta hapa Chake Chake huja na neno moja: "Niekee Office nyengine, hii mbovu." Nikiwauliza imewakosea nini, jawabu hazipishani sana. Barua ilivurugika ilipofunguliwa steshenari. Umeme ulikatika, kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Tarehe zinajigeuza. Maandishi ya Kiarabu yanakwenda kombo. Mambo haya yanaudhi kweli, lakini mengi yao yako kwenye mipangilio, na ukihamia programu nyengine bila ya kuyagusa, utahama nayo.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na kupakua. Unaanza na kupima: nani anaitumia kompyuta, kwa kazi gani, na kazi hiyo inamkwamia wapi.

Hatua ya 1: Andika kazi za nyumba, si sifa za programu

Chukua karatasi. Andika jina la kila anayekaa mbele ya kompyuta hiyo, na mbele ya jina andika kazi ya mwisho aliyoifanya. Usiandike "Word" wala "Excel", andika kazi yenyewe. Nyumba nyingi za Pemba karatasi itatoka hivi: kijana anasoma SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na anaandika ripoti ya utafiti inayokwenda kwa msimamizi na kurudi na masahihisho. Baba ana hesabu ya karafuu, yaani pishi za kila mchumaji, malipo ya kila siku, na kilo kavu zilizopelekwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Mama ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Ustadhi wa jirani huja jioni kutunga mtihani wa madrasa, nusu Kiswahili, nusu Kiarabu.

Watu wanne, na kinachomridhisha mmoja hakimhusu mwengine. Kijana anahitaji faili lake lirudi bila ya kuvurugika. Baba anahitaji jumla sahihi. Ustadhi anahitaji mstari uanzie kulia. Ukimuuliza fundi "programu gani nzuri?" bila ya karatasi hii, atakujibu kwa kazi zake yeye.

Hatua ya 2: Jua ulichonacho

Fungua programu, nenda kwenye Account au About, usome jina na mwaka wake. Kama ni Office 2016 au 2019, Microsoft iliacha kuzitolea marekebisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, siku ile ile iliyomaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Bado zinafunguka, ila mlango wa kuingilia wadukuzi ukigundulika hauzibwi tena.

Kama ni nakala ya kukraki, yaani iliyovunjwa kinga itumike bila ya kulipiwa, nasema wazi: iondoe. Chombo cha kuiamilisha karibu kila mara hukutaka uzime antivairasi kwanza, na kinachoingia wakati ule hukijui. Kompyuta hiyo hiyo ina picha za familia, vyeti vilivyoskaniwa na hesabu za kikundi cha watu wengine. Usalama wao ni amana juu yako.

Hatua ya 3: Chagua ya kujaribu

Zipo njia nne za halali. Ya kwanza ni kulipia Microsoft 365 kwa mwezi au kwa mwaka. Ya pili ni Word na Excel za kwenye kivinjari, ambazo ni bure ukiwa na akaunti ya Microsoft, au Google Docs. Hizi za kwenye kivinjari hutaka intaneti. Google Docs inaweza kufanya kazi bila ya mtandao, lakini lazima uwashe ruhusa hiyo mapema ukiwa bado una bando. Ya tatu ni programu za bure kama WPS na ONLYOFFICE, ambayo sura yake inafanana sana na Word.

Ya nne ni LibreOffice, na nyumba nyingi ninazozihudumia huanza nayo. Ni bure kabisa na haitaki akaunti. Tangu 2010 inasimamiwa na The Document Foundation, taasisi iliyosajiliwa Berlin. Inakwenda vizuri hata kwenye laptopu iliyotumika yenye RAM ya GB 4. Faili la kuisakinisha lina zaidi ya MB 300, basi lipakue mara moja ulitie kwenye flashi, uwape na jamaa.

Unapoisakinisha usibonyeze "Next" mpaka mwisho. Chagua usakinishaji wa Custom, fungua orodha ya kamusi, uwashe Kiswahili. Bila ya hivyo kila neno la Kiswahili litapigwa mstari mwekundu, na mtu akishazoea wekundu ukurasa mzima haoni tena kosa la kweli. Kiswahili kwenye programu hizi si kigeni: mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya afisi yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima, na natamani ingepata warithi wengi zaidi.

Aliyezoea Word na kuchukia sura ya LibreOffice aende View, User Interface, achague Tabbed. Vitufe vitajipanga juu kwa vichupo kama alivyozoea.

Hatua ya 4: Mipangilio inayoondoa malalamiko

Hapa usikimbie.

Anza na umeme. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya kuishikilia umeme ukikatika), au laptopu ambayo betri yake imekufa, huzimika pale pale umeme unapokatika au tukuza, umeme wa kulipia kabla, inapomalizika. LibreOffice na Word zote hutunza kumbukumbu ya dharura kila baada ya dakika 10 usipozibadilisha. Dakika 10 ni ukurasa mzima kwa mwandishi mwepesi. Kwenye LibreOffice nenda Tools, Options, Load/Save, General, uweke dakika 2. Hapo hapo washa "Always create backup copy", ili kila unapohifadhi nakala iliyotangulia ibaki pembeni. Kwenye Word ni File, Options, Save. Wenye Microsoft 365 wajue kwamba ile AutoSave ya juu kushoto hufanya kazi kwa faili lililoko OneDrive. Faili lililoko Desktop peke yake halihifadhiwi nayo. Na faili jipya lipe jina na ulihifadhi kabla hujaandika mstari wa pili.

Pili, aina ya faili. Faili linalokwenda na kurudi, kama ripoti ya kijana na masahihisho ya msimamizi, liwe .docx, aina ya Word, tangu mwanzo mpaka mwisho. Kuligeuza .odt, aina ya LibreOffice, kisha .docx, kisha .odt tena ndiko kunakoharibu majedwali na namba za kurasa. Faili linalokwenda kuchapishwa tu, liandike kwa .odt ukitaka, lakini steshenari peleka PDF. Hili la PDF ningeweza kulibandika ukutani. Barua iliyotoka nyumbani kwa ukurasa mmoja na kufika steshenari ya Mlandege, mjini Unguja, ina kurasa mbili, saini ikiwa peke yake kwenye ukurasa wa pili, haikuharibiwa na mtu. Ilifunguliwa tu kwenye kompyuta isiyo na fonti iliyotumika, yaani mtindo ule wa herufi.

Na fonti ndiyo ya tatu. LibreOffice huja na Carlito, ambayo herufi zake zina upana ule ule wa Calibri, na Caladea badala ya Cambria, na Liberation Serif badala ya Times New Roman. Ndiyo maana faili la Calibri likifunguliwa huko mistari haihami. Lakini Microsoft ilianza kuifanya Aptos kuwa fonti ya kuanzia mwaka 2023, na hiyo kompyuta nyingi hazina. Kwa faili la kusafiri andika Times New Roman.

Nne, tarehe na fedha, na hapa ndipo baba wa karafuu anapopatia hasira. Kompyuta iliyopangwa kwa Marekani husoma 3/4/2025 kuwa Machi 4. Nenda kwenye mipangilio ya lugha, chagua Swahili (Tanzania) kama eneo, kisha jaribu: andika 3/4/2025 kwenye seli (kisanduku kimoja cha jedwali), ubadilishe mtindo wa tarehe uoneshe jina la mwezi. Ikitoka Aprili, umepatia. Halafu tazama safu ya pishi. Mtu akiandika "12 pishi" ndani ya seli, kompyuta inaona maneno, haioni namba, na chini jumla inatoka 0. Nimeona watu wakiilaumu programu kwa sifuri hiyo wakaenda kununua nyengine. Neno "pishi" liandike kwenye kichwa cha safu, ndani ya seli weka 12 tupu. Majina yakiwa safu A na pishi safu B, bei ya kuchuma iwe kwenye safu C, na safu D iwe =B2*C2. Alama ya shilingi ipatikane kwa kuchagua mtindo wa fedha, usiiandike kwa mkono.

Tano, Kiarabu. Kwenye LibreOffice, katika mipangilio ya lugha, washa sehemu ya "Complex text layout" na uchague Arabic. Hapo ndipo vitufe viwili vya mwelekeo wa aya vinapojitokeza juu: kushoto kwenda kulia, na kulia kwenda kushoto. Kabla ya hapo ustadhi hulazimika kusogeza maandishi upande wa kulia, ambako si sawa na kubadilisha mwelekeo: alama ya kuulizia na mabano hubaki upande usio wake, na namba za maswali hukaa mbali na maswali. Fonti ya Amiri inakaa vizuri na irabu, fat-ha na kasra hazigongani na herufi. Ongeza kibodi ya Kiarabu kwenye Windows, uhame baina ya lugha kwa kitufe cha Windows na spesi.

Hatua ya 5: Peleka faili nje, lirudi

Usijaribu kwa barua ya mfano ya mistari mitatu. Chukua faili gumu kuliko yote ndani ya nyumba: ripoti yenye yaliyomo, majedwali na masahihisho ya pembeni. Lifungue, badilisha sentensi moja, lihifadhi, lipeleke kwa mtu mwenye Word, naye abadilishe sentensi moja, alirudishe. Tazama idadi ya kurasa, namba za kurasa, majedwali na maoni ya pembeni. Kwa hesabu tazama jumla. Faili la Excel lenye makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, lijaribu peke yake, maana makro za Excel hazifanyi kazi zote kwenye programu nyengine. Mwenye kuzitegemea kwa kazi abaki na Excel, na sioni haja ya kumsumbua.

Hatua ya 6: Uliza kila mtu, kwa namba

Baada ya wiki mbili hivi za kutumia, "unaionaje?" haitoshi. Mkubwa atasema nzuri, wadogo watafuata. Tumia dodoso la SUS (System Usability Scale), la kupima wepesi wa kutumia kitu, lililotungwa na John Brooke mwaka 1986 nchini Uingereza. Lina kauli 10, na kila moja hupewa alama kutoka 1, sikubali kabisa, mpaka 5, nakubali kabisa. Mimi huziuliza hivi:

1. Ningependa kuitumia mara kwa mara.
2. Ina utata usio na haja.
3. Ni nyepesi kutumia.
4. Nitahitaji fundi ili niiweze.
5. Sehemu zake zinashirikiana vizuri.
6. Mambo yake hayafanani, hapa hivi, pale vile.
7. Watu wengi watajifunza haraka.
8. Inachosha kuitumia.
9. Nikiitumia sina wasiwasi.
10. Ilinibidi nijifunze mengi kabla ya kuanza.

Kauli za namba witiri, toa 1 kwenye alama. Za namba shufwa, toa alama kutoka kwenye 5. Jumlisha zote, zidisha kwa 2.5, upate namba baina ya 0 na 100. Tuseme ustadhi ametoa 4, 2, 4, 2, 3, 2, 4, 3, 4, 3. Witiri zinampa 14, shufwa 13, jumla 27, mara 2.5 ni 67.5. Hiyo si asilimia. Wastani unaotajwa sana na watafiti wa eneo hili ni 68, basi yeye yuko katikati.

Kila mmoja ajaze peke yake. Na msichanganye namba zenu mkatafuta wastani wa nyumba: watu wanne ni wachache mno, na mwenye 40 atapotea ndani ya mwenye 90. Asome kila mmoja namba yake.

Hatua ya 7: Amua kwa aliye chini

Anza na mwenye namba ndogo kuliko wote. Tazama ni kauli zipi zilizomshusha. Ikiwa ni ya 4 na ya 10, anahitaji kukaa na mtu nusu saa akaelekezwa, kwa hiyo usibadilishe kitu. Ikiwa ni ya 9, wasiwasi, rudi hatua ya 4, mara nyingi ameshapoteza kazi kwa umeme na haiamini tena kompyuta. Muoneshe folda ya nakala za akiba, azione kwa macho yake. Ikiwa ni ya 6 na ya 8 pamoja na faili lililoshindwa kwenye hatua ya 5, hapo pana sababu ya kweli ya kumpa programu nyengine, hata ikibidi ya kulipia.

Na si lazima nyumba nzima ihame pamoja naye. LibreOffice na Word hukaa kwenye kompyuta moja bila ya kugombana. Bonyeza kulia kwenye faili, Open with, chagua programu, uweke alama ya kuifungulia daima: .docx iende Word kwa ajili ya kijana, .odt iende LibreOffice kwa ajili ya ustadhi. Kisha mfungulie kila mtu akaunti yake ya Windows, maana mipangilio ya lugha na muda wa kuhifadhi hukaa kwa kila akaunti, na ile ya Kiarabu utaiweka tena kwenye akaunti ya ustadhi.