Uhamisho wa visanduku vya Exchange ukikwama: pa kuangalia kabla ya kuanza upya

Microsoft iliacha kuyahudumia matoleo ya 2016 na 2019 ya Exchange, programu yake ya seva ya barua pepe, tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye 2019 iliyofika CU14 au CU15 (CU ni sasisho la jumla) anaweza kupanda hadi Subscription Edition, toleo jipya, juu ya seva ileile. Mwenye 2016 hana njia hiyo. Anasimika seva mpya pembeni, anaunda hifadhidata mpya, kisha anahamisha visanduku vya barua kutoka huku kwenda kule, na ile ya zamani iwe tayari imefika CU23. Mwongozo huu ni wa afisa TEHAMA mwenye kazi hiyo Kigoma: seva ipo mjini, watumiaji wako Kasulu, Kibondo na Uvinza, na diski ikijaa saa sita usiku hakuna duka la kukimbilia, maana ya kuagiza Dar es Salaam itakuja kwa basi.

Kabla ya kuhamisha hata kisanduku kimoja, rekebisha mambo mawili. La kwanza, seva mpya ikishasimikwa tu hujitangaza yenyewe kwenye Active Directory (orodha kuu ya watumiaji na seva za mtandao wenu), na asubuhi simu zinaanza kulia kwa sababu Outlook za watu zinaonyesha onyo la cheti. Mara usimikaji unapokwisha, ipe anwani ileile ya Autodiscover (inayoielekeza Outlook kwenye seva) inayotumiwa na seva ya zamani, kwa amri hii kwenye Exchange Management Shell, dirisha la amri za Exchange:

Set-ClientAccessService SEVA-MPYA -AutoDiscoverServiceInternalUri https://(jina mnalotumia)/Autodiscover/Autodiscover.xml

La pili ni vikomo vya ukubwa. Hifadhidata mpya huzaliwa na kikomo cha GB 2.3 kwa kila kisanduku. Kama ya zamani mliiongezea, na kisanduku cha masijala kina GB 9, ombi lake litakataliwa kwa ujumbe kwamba kisanduku kimezidi kikomo cha kule kinakokwenda. Soma vikomo vya zamani kwa Get-MailboxDatabase, kisha viweke vilevile kwenye mpya kwa Set-MailboxDatabase.

Sasa nafasi ya diski, na hapa ndipo uhamisho mwingi unapofia. Kila kinachoandikwa kwenye hifadhidata mpya huandikwa kwanza kwenye faili za logi, kila faili MB 1. Ukihamisha GB 60 kwa usiku mmoja, tegemea zaidi ya faili 60,000, yaani GB 60 nyingine mbali na hifadhidata yenyewe. Diski ya logi ikijaa, hifadhidata inajishusha, na waliokwisha kuhamia wanakosa barua. Logi hazipungui kwa kungoja. Zinapunguzwa na bekapu kamili iliyofanikiwa. Kama hifadhidata iko D: na logi ziko E:, na una diski ya nje F:, bekapu ya Windows inatosha:

wbadmin start backup -backupTarget:F: -include:D:,E: -vssFull -quiet

Bila neno -vssFull bekapu itapita vizuri lakini logi zitabaki palepale. Kwa hiyo panga mafungu: chukua nafasi iliyo wazi kwenye diski ya logi, hamisha nusu yake tu, piga bekapu, hakikisha logi zimepungua, ndipo uanze fungu jingine. Wapo wanaowasha logi za mzunguko (circular logging, ambapo logi za zamani hufutwa zenyewe) ili wasihangaike na bekapu. Inafanya kazi, lakini kwa muda wote huo huwezi kurudisha chochote kilichoandikwa baada ya bekapu ya mwisho, na kwenye seva iliyo peke yake lazima uishushe hifadhidata na kuipandisha ndipo mabadiliko yashike. Kwetu ambako umeme haujazoeleka kutulia, bekapu kila baada ya fungu ni salama zaidi.

Anzisha maombi ukiwa kwenye seva mpya:

New-MoveRequest -Identity masijala -TargetDatabase DB-KGM01 -BatchName fungu1 -SuspendWhenReadyToComplete

Kwa njia hii kazi nzito inafanyika mchana watu wakiendelea na kisanduku cha zamani. Ombi linasimama kwenye asilimia 95 likisubiri amri yako. Saa mbili usiku unamalizia: Get-MoveRequest -BatchName fungu1 | Resume-MoveRequest. Mtumiaji ataombwa kufunga Outlook na kuifungua upya, basi. Nakala iliyo kwenye kompyuta yake haipakuliwi upya, kwa hiyo intaneti ya Kibondo haitaelemewa.

Likikwama, usilifute. Ukilifuta unapoteza ripoti yake, na ripoti ndiyo inayokueleza kisa. Tazama kwanza hali zote:

Get-MoveRequest | Get-MoveRequestStatistics | ft DisplayName,StatusDetail,PercentComplete

Ukiona StalledDueToTarget_DiskLatency, diski ya seva mpya inaandika polepole. Angalia kama bekapu inapiga wakati huohuo, kama antivirusi inakagua faili za .edb (hifadhidata zenyewe) na logi (folda hizo ziondolewe kwenye ukaguzi), na kama betri ya kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa kama moja) imekufa. Betri ikifa, kadi huacha kutumia kumbukumbu yake ya haraka, na seva yenye diski nzuri inakuwa kama kobe. Hali ikiishia na MdbReplication, hiyo ni ya wenye nakala za hifadhidata kwenye seva mbili: nakala ya pili imebaki nyuma, irekebishe kwanza.

Likiwa Failed, soma ripoti kwa Get-MoveRequestStatistics masijala -IncludeReport | fl. Likitaja TooManyBadItems, kuna barua zilizoharibika. Usikimbilie kuongeza -BadItemLimit, kwa kuwa kila namba unayoongeza ni barua unayokubali kuipoteza. Jaribu kwanza New-MailboxRepairRequest kwenye seva ya zamani, usiku, kwani mtumiaji hataweza kuingia wakati matengenezo yanaendelea. Zikibaki mbaya chache, weka kikomo cha 10. Kuanzia 51 Exchange inadai uongeze -AcceptLargeDataLoss, na hapo mwenye kisanduku aulizwe kabla.

Umeme ukikatika katikati, kisanduku cha zamani bado ni kizima hadi ombi likamilike, na ombi litaendelea huduma zikirudi. Hifadhidata ikigoma kupanda, eseutil /mh (chombo cha Exchange cha kukagua hifadhidata) itaonyesha "Dirty Shutdown", yaani ilizimika vibaya. Jaribu Mount-Database tena: inasoma logi na kujitengeneza. Ndiyo maana logi hazifutwi kwa mkono hata siku moja. Amri ya eseutil /p hutupa kurasa zisizosomeka, na si ya kujaribia.

Mwisho, hifadhidata ya zamani itakataa kuondolewa hata ikionekana tupu. Hamisha visanduku vya mfumo wenyewe vilivyobaki humo:

Get-Mailbox -Arbitration -Database DB-2016 | New-MoveRequest -TargetDatabase DB-KGM01

Rudia kwa -AuditLog na -PublicFolder, kisha ondoa maombi yaliyokamilika kwa Remove-MoveRequest. Kabla ya kuiondoa, kumbuka kwamba visanduku vilivyohama hubaki humo kwa siku 30 za kawaida na vinaweza kurudishwa, hivyo iache ikae. Siku zikiisha, ondoa Exchange ya zamani kwa programu yake ya usimikaji. Ukizima mashine tu, jina lake litabaki kwenye Active Directory na seva mpya itaendelea kuitafuta.